Riwaya Nne za Baba

Jumapili, 1 Februari

Nimekubali kusoma riwaya nne kwa mwezi mmoja. Naandika hapa ili nisije nikakana.

Kwa kumbukumbu: nina miaka hamsini na miwili. Najalidi vitabu vya maktaba ya mji, mwaka wa ishirini na sita huu. Nashona, napaka gundi, nabana, nakata kingo, navirudisha rafuni. Sijawahi kusoma hata kimoja hadi mwisho. Sioni aibu. Mpishi halazimiki kula kila anachopakua.

Ilikuwa hivi. Daktari amemwambia mdogo wangu wa kike kwamba moyo wa Baba umechoka na tusihesabu miezi mingi. Macho yalishazimika tangu mwaka juzi. Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa, miaka thelathini na moja, kazi yake kusoma kila neno kabla halijachapwa na kuwinda makosa. Akirudi nyumbani anasoma riwaya ili apumzike kusoma. Sasa amelala chumba cha mbele kwa mdogo wangu, dirisha wazi, joto limejaa tele, na rafu ya vitabu vyake ipo ukutani mbele yake asiione.

Leo alituita. Akasema anataka mwezi huu wa joto uwe wa riwaya. Shemeji, mume wa mdogo wangu, alirukia hapo hapo. Yeye ni mwalimu wa fasihi na ana sauti ya mtangazaji wa redio. Akasema atamsomea Baba kila jioni. Baba akamshukuru, kisha akasema hana shida ya kusomewa, hadithi zenyewe anazijua. Anataka mimi, mwanawe, nisome riwaya nne alizozipenda, moja kwa wiki, na kila Jumamosi saa kumi jioni nije nimwambie nilichowaza. Si kilichotokea. Nilichowaza. Nikimaliza nne, itakuwa zamu yake kuniambia alichowaza yeye.

Alisema hatujawahi kuzungumza, mimi na yeye. Nikamwambia tumezungumza miaka hamsini na miwili. Akasema hapana, tumesalimiana.

Iliniuma. Nilikubali kwa sababu iliniuma, na kwa sababu Shemeji alikuwa anatabasamu. Pia Februari ina siku ishirini na nane tu. Ingekuwa Machi ningeomba muda wa kufikiri.

Jumanne, 3 Februari

Riwaya ya kwanza. Kurasa mia tatu na arobaini. Nimeipima unene kwa rula: sentimita mbili na nusu. Ushonaji safi, fundi wake alijua kazi. Nimesoma ukurasa mmoja. Kuna mvua, na kuna mtu anamsubiri mtu. Nikasinzia nikaamka na gundi kwenye nyusi.

Nimekaa nikafikiri. Mwanzo wa kitabu unakuambia ni akina nani. Mwisho unakuambia iliishaje. Katikati ni pamba ya mto. Kwa hiyo: kurasa kumi za mbele, kumi za nyuma. Ishirini mara nne ni themanini. Themanini naziweza. Inashangaza kwamba watu wenye shahada hawajaligundua jambo hili.

Jumamosi, 7 Februari

Saa kumi kamili, shati limepigwa pasi. Shemeji alishafika, yaani ni kwake, lakini alishafika kitini. Ameketi karibu na mto, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, anamsomea Baba gazeti. Hata matangazo ya nyumba za kupanga anayasoma kwa mahadhi.

Nikaeleza riwaya yangu. Mvua, kusubiri, mwishoni mtu akaja. Baba akauliza nimewaza nini. Nikasema nimewaza ni riwaya nzuri, inafundisha. Inafundisha nini? Uvumilivu. Akauliza yule ndugu mdogo aliyefariki katikati, nilimwonaje.

Sikujua kuna ndugu mdogo. Nikapiga moyo konde, nikasema nilimwona kijana mwenye heshima zake. Baba akasema alikuwa na umri wa siku tatu.

Shemeji akakohoa. Mdogo wangu akakumbuka ana chungu jikoni. Baba hakunigombeza. Aliniambia tu wiki ijayo nisome polepole. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kujibu.

Jumatatu, 9 Februari

Shemeji amemwambia mdogo wangu, mdogo wangu ameniambia mimi, kwamba yuko tayari kunipokea mzigo "kama kaka amebanwa na kazi." Kaka hajabanwa. Nimemwambia mdogo wangu hivyo, kwa sauti iliyomfanya anyamaze kwenye simu.

Naona picha yote. Baba atamchoka mwanawe atamgeukia mkwewe. Ataondoka duniani anamjua mwalimu wa fasihi ndani nje, na mimi atakuwa amenisalimia tu. Nimekosa hata hamu ya chakula cha mchana. Hilo halitatokea nikiwa hai.

Jumatano, 11 Februari

Jana nilipita kumjulia hali Baba. Miwani ya Shemeji ilikuwa juu ya jokofu. Sitaki kuandika jinsi ilivyofika mfukoni mwangu.

Matokeo: jioni Shemeji akashindwa kusoma gazeti. Badala yake akamkariria Baba mashairi, kwa kichwa, saa nzima. Mdogo wangu anasema Baba alikuwa akicheza vidole juu ya shuka, hajamwona na furaha ile tangu macho yazimike. Ananiuliza kama sifurahi. Nimesema nafurahi sana. Leo nimerudisha miwani juu ya jokofu, nyuma kidogo, ili ionekane ilijisukuma yenyewe.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango mpya, na huu ni wa akili. Riwaya ya pili nimeipeleka kwa mkutubi wetu. Ni mama wa makamo, anasoma kila kitu, hata maelezo ya nyuma ya paketi ya sabuni. Hii ameisoma mara nne. Nikamwambia maktaba inakusanya mawazo ya wasomaji katika msimu wa joto, na kwamba ningeanza na yeye. Si uongo kabisa. Maktaba ni mimi pia.

Alizungumza dakika arobaini. Niliandika kila neno. Karibu na mwisho akalia, akaomba radhi, akajifuta kwa ncha ya khanga. Pale alipolia nimeweka nyota pembeni, ili nami nijue pa kupunguza sauti.

Jumamosi, 14 Februari

Nilikuwa nimeyakariri yote kama mtoto wa shule. Ilianza vizuri ajabu. Nikasema riwaya hii imenikumbusha mama. Baba akageuza uso kuelekea sauti yangu. Hajawahi kunigeuzia uso namna ile. Nikajua nimempata, nikashusha sauti, nikafika kwenye nyota.

Nikasema nilimwona mama asubuhi kabla ya shule, mimi nimekaa chini katikati ya magoti yake, ananisuka nywele, vidole vina mafuta, ananiambia nisitikisike.

Baba akasema kwamba mimi nilikuwa nanyolewa kipara kila mwisho wa mwezi, na kwamba wembe aliushika yeye.

Shemeji alitoka nje kabisa. Kupitia dirishani nilimsikia anacheka akiwa amejiziba mdomo, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka wazi.

Baba akauliza aliyesukwa ni nani. Nikasema mkutubi. Akaniagiza nimpe salamu, nimwambie amewaza vizuri. Kisha akasema jambo ambalo naliandika ingawa sitaki. Alisema: "Mwanangu, sikuulizi ili nikufelishe. Nakuuliza kwa sababu sina muda."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Viatu vyenyewe vinabana. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua niuweke wapi.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeamua kusoma. Nitasoma kweli, neno kwa neno. Lakini nitasoma kama fundi.

Watu wanadhani kitabu ni kurasa. Kitabu ni mikunjo. Karatasi kubwa inakunjwa, inatoa kurasa kumi na sita, mkunjo unashonwa juu ya mkunjo, mgongo unapakwa gundi, mwisho jalada. Anayeona kitabu kizima anaogopa. Mkunjo mmoja haumtishi mtu, ni mwepesi kama barua na unaingia mfuko wa aproni.

Riwaya ya tatu na ya nne ni za mchapaji mmoja: ukubwa mmoja, herufi moja, mikunjo kumi na minne kila moja. Majalada yalikuwa yameshaanza kuachia. Nimekata uzi wa zote mbili, nimezifumua, nimepanga mikunjo mezani. Nitasoma mmoja wakati wa chai, mmoja gundi ikikauka, mmoja kwenye foleni ya benki. Mwisho wa wiki nitakuwa na riwaya mbili kibindoni, na Shemeji atafute pa kuweka uso.

Jumatano, 18 Februari

Mikunjo saba imekwisha. Kurasa mia na kumi na mbili. Mimi!

Ni habari ya fundi saa na mke wake. Duka dogo, saa hamsini ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Fundi ni mtu mzuri lakini haongei. Mke anamuuliza jambo, yeye anamjibu akiwa anatazama magurudumu ya saa kupitia kioo cha jicho moja. Namwelewa sana. Ukishika kazi ya mikono huwezi kuinua kichwa kila mtu anapotaka. Ukurasa wa mia na kumi na mbili mke anasimama mlangoni na kusema anaenda sokoni.

Hapo mkutubi akaja kuomba meza, magazeti ya mwaka mzima yamefika ya kujalidiwa. Nikakumbatia mikunjo yangu yote kwa mkupuo, nikaisogeza kwenye benchi la dirishani. Kesho naendelea.

Alhamisi, 19 Februari

Mwandishi huyu ana moyo mgumu. Nimefungua mkunjo wa nane, ukurasa wa mia na kumi na tatu, na fundi saa hayupo. Duka halipo. Kuna mwanamke katika mji mwingine, ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita, anatandika vitanda, anapokea wasafiri. Jina jingine. Hakuna neno hata moja la maelezo.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Kisha nikaelewa. Ni yule mke. Hakwenda sokoni. Amebadili jina. Watu hubadili jina wakiondoka, ni kawaida. Na mwandishi hatuambii kwa nini kwa sababu fundi saa mwenyewe hakuambiwa.

Ijumaa, 20 Februari

Nimemaliza. Kitabu kizima, nikiwa na miaka hamsini na miwili.

Mwishoni yule mwanamke anafunga mlango wa nyumba ya wageni, anakabidhi funguo kwa jirani, anapanda treni. Hana huzuni. Amenunua machungwa ya njiani. Fundi saa hatajwi tena. Nililisubiri jina lake hadi nukta ya mwisho.

Nililia kwenye benchi. Mkutubi aliingia kuchukua rula, akaniona, akatoka kwa ncha za vidole. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 21 Februari

Nilikwenda bila karatasi. Shemeji alikuwepo na miwani yake, sikumjali.

Baba akauliza nimewaza nini. Nikamwambia kuhusu fundi saa, na mke aliyekwenda sokoni, na ile nyumba ya wageni. Nikamwambia nimewaza juu ya mke wangu. Ameondoka mwaka wa tisa sasa, na sijawahi kulitamka jambo hilo ndani ya nyumba ile, hata siku moja, wala wao hawajaniuliza. Nikasema kwamba unaishi na mtu kurasa mia na kumi na mbili, kisha unafungua inayofuata na hayupo, na hakuna anayekueleza, na bado unatakiwa uendelee kusoma. Nikasema nilikuwa nimekasirika miaka yote hiyo kwa sababu nilidhani kitabu ni changu. Kumbe yeye alikuwa na kurasa zake. Nikasema nimewaza kwamba huenda yuko salama mahali, na ana machungwa ya njiani, na kwamba nikiwaza hivyo moyo unapoa.

Sikuwa nimepanga kusema hayo. Yalitoka tu.

Baba alinyoosha mkono juu ya shuka, ukawa unatafuta. Nikampa wangu. Aliushika muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kijiko, hajui akipeleke wapi. Shemeji aliinuka, akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Baada ya muda Baba akauliza mke alitoweka ukurasa gani hasa. Nikamwambia mia na kumi na mbili. Akasema polepole, "Mikunjo saba," akatabasamu. Sikuelewa kinachochekesha. Akasema riwaya hiyo angependa sana kuisoma.

Nimerudi nikalala usingizi mzito, nimeamka usiku. Nina furaha. Naliandika neno hilo jinsi lilivyo.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeaibika hadi nywele za mikononi zimesimama.

Asubuhi nilikaa kushona riwaya ya tatu nimrudishie Baba ikiwa nzuri. Nikahesabu mikunjo iliyosalia benchini. Saba na saba. Nikachungulia mmoja: fundi saa! Duka, saa hamsini, kioo cha jicho moja, wote wapo, ukurasa wa mia na kumi na tatu na kuendelea. Mke alikwenda sokoni kweli. Akarudi na vitunguu. Wanagombana kidogo, wanapatana, wanahamia nyumba yenye bustani na kuishi humo hadi uzeeni.

Na mwanamke wa nyumba ya wageni ni wa riwaya ya nne. Hajawahi kuolewa. Imeandikwa wazi ukurasa wa sita.

Siku ile ya meza nilichanganya. Nilisoma nusu ya mbele ya kitabu kimoja na nusu ya nyuma ya kingine. Fundi wa miaka ishirini na sita! Nililia juu ya kosa la kushona. Nilimshika mkono Baba kwa sababu ya kosa la kushona. Na yeye, msahihishaji, alijua tangu nilipotaja nyumba ya wageni. Ndiyo maana alitabasamu. Alikuwa ananicheka.

Jumatano, 25 Februari

Heshima lazima irudi. Jumamosi ni ya mwisho na nitafika na mawazo sahihi ya riwaya zote mbili, yaliyohakikiwa.

Nimemwomba mdogo wangu anitolee kimyakimya daftari la Shemeji la kufundishia. Riwaya ya nne inasomwa shuleni kwake. Imo yote, kwa wino mwekundu: dhamira, wahusika, muundo, mtindo. Mdogo wangu alinipa huku ananitazama. Akauliza kwa nini nisiende tu na nilichowaza, kama wiki iliyopita. Alisema wiki iliyopita Baba alikula chakula chote. Nikamwambia kuna mambo ya kitaalamu hayaelewi.

Riwaya zote mbili nimeshazishona upya, kila mkunjo mahali pake. Nimehakiki mara tatu.

Jumamosi, 28 Februari

Baba alikuwa ameegemezwa mito minne. Pumzi fupi. Shemeji hakuwa anasoma chochote, alikuwa amekaa tu.

Nikaanza kwa kuomba radhi. Nikaeleza kosa la mikunjo, nikasema niliyosema wiki iliyopita yafutwe. Kisha nikatoa mawazo sahihi. Dhamira kuu ya riwaya ya nne ni kujitegemea. Dhamira ndogo ndogo ni uvumilivu, ukarimu na mabadiliko ya jamii. Mhusika mkuu ni bapa. Nilipofika kwenye muundo nikaona midomo ya Shemeji inakwenda pamoja na yangu, neno kwa neno, na hakuwa anacheka hata kidogo.

Baba alisubiri hadi nikamaliza. Akasema yale ya wiki iliyopita yalikuwa yangu, mbona nimeyarudisha. Nikamwambia yalikuwa makosa. Akasema, "Nimesahihisha makosa miaka thelathini na moja. Lile ningeliacha."

Nikasema basi nne zimekwisha, sasa ni zamu yake. Alitaka kusema, pumzi ikakataa. Mdogo wangu akamsihi apumzike. Akanyoosha kidole kwenye rafu, chini kabisa, mwisho wa mkono wa kulia, bila kuona, na kidole kikaangukia penyewe. Riwaya nyembamba, jalada limepauka. Akasema nichukue hiyo, nisome taratibu, hiyo ndiyo zamu yake.

Yaani ya tano. Makubaliano yalikuwa nne. Nimepewa marudio kama mwanafunzi aliyefeli, tena mbele ya Shemeji. Nimeichukua kwa adabu, nimeiweka juu ya kabati.

Jumatano, 4 Machi

Baba amefariki leo saa tano asubuhi. Nilikuwa karakana, mikono ina gundi. Simu ikaita nikashindwa kuishika. Mkutubi akaishika yeye, akanitazama, nikajua.

Nilifika akiwa tayari amefunikwa. Mdogo wangu anasema hakuhangaika. Shemeji alikuwa amemshika mguu, kupitia shuka, analia kwa sauti ile ile ya redio, na nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Kinachonikaba ni hiki. Aliahidi kuniambia alichowaza. Nilisoma, kwa namna yangu nilisoma, na yeye ameondoka bila kulipa zamu yake. Sitajua tena. Nimekaa na neno hilo tangu mchana.

Jumamosi, 7 Machi

Tumemzika juzi. Leo saa kumi miguu ilinipeleka kwa mdogo wangu, nikajikuta mlangoni na shati la pasi. Chumba cha mbele kimefagiliwa, godoro limesimamishwa ukutani. Shemeji akanikaribisha chai. Tukakaa. Hakuna aliyeuliza mtu amewaza nini.

Jumamosi, 14 Machi

Wiki nzima nilitafuta jinsi ya kumuenzi Baba, na nimepata. Ile riwaya ya tano. Sikuisoma, moyo haukuwa na nafasi hiyo, lakini nimeitengeneza. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ilikuwa na hali mbaya sana. Uzi umeoza, mgongo umepasuka. Na pambizo! Baba alikuwa amezijaza penseli, kila ukurasa, juu, chini, kando, mwandiko wake ule mdogo wa kusahihishia. Kitabu kimeshachapwa, kimeshauzwa, yeye bado anasahihisha. Na kila sahihisho kalitia tarehe, kikazi kabisa. La kwanza ni la mwaka niliozaliwa mimi, nadhani ndipo alipokinunua. La mwisho ni la mwaka juzi, herufi zimeanza kupandiana. Nilisoma moja tu, la mwaka uliofuata ule wa kwanza. Limeandikwa: "Leo ametembea." Nikautazama ukurasa mzima nione nani ametembea. Hakuna aliyetembea, wamekaa wanakula. Maskini, kumbe hata enzi zile kuna siku alikuwa anachoka.

Nimekishona kwa uzi wa kitani. Kisha nikakiingiza kwenye mashine ya kukatia, juu, chini na kando, mara tatu, hadi uchafu ukaisha. Kingo sasa zimenyooka, nyeupe, ukipitisha kidole hukwami. Jalada la kitambaa cha kijani, jina la Baba kwa dhahabu mgongoni. Mdogo wangu akikiona atalia.

Na nimejiandikisha. Maktaba inafanya kikao cha wasomaji mwisho wa mwezi, kila mtu anasimama na riwaya moja na kusema alichowaza. Nitasimama na ya Baba. Ni haki yake.

Nimempelekea mkutubi anisomee, anidokeze mawili matatu ya kusema. Alikifungua akiwa amesimama. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, akiwa amekisogeza karibu na macho. Yapo maneno machache yaliyosalia karibu na chapa, nusunusu, mashine haikuyafikia. Akaniuliza vipande nilivyokata viko wapi. Nikamwambia mfagiaji aliondoka navyo Alhamisi, alishavichoma. Akafunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema safari hii hawezi kunisaidia. Akaingia ofisini akafunga mlango.

Sijui nimemuudhi nini. Nitamwomba Shemeji.